Mhariri, tuchapishieni na saa za maji

Mhariri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa Bweleo, Wilaya ya Magharibi B, Unguja. Nilisomesha jiografia mpaka nilipostaafu, na gazeti lako nalisoma kila asubuhi kabla sijashika kazi nyengine. Ukurasa wa pili ndio ninaoanza nao: nyakati za sala, viwango vya fedha za kigeni, hali ya hewa ya Unguja na Pemba, ratiba ya mpira. Saa za maji hazimo. Naomba kwa heshima zote ziwemo: leo mwezi ngapi, yaani tarehe ya mwezi wa kiislamu, maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi. Mistari miwili inatosha.

Kilichonifanya niandike ni makala yenu ya matembezi ya familia mliyoitoa kabla ya sikukuu ya Mfunguo Mosi, Idd el-Fitr. Sehemu kubwa ilihusu boti za kukodi katika Ghuba ya Menai, na picha yake ilikuwa nzuri: watoto juu ya fungu jeupe la mchanga, maji ya kijani pande zote. Bei kwa kila mtu ilitajwa, chakula kikatajwa, namba za kupiga zikatajwa. Kisha ikaandikwa kwamba safari zinaondoka Fumba saa 4 asubuhi, kila siku. Mhariri, hakuna safari ya Menai inayoweza kuondoka saa ile ile kila siku, na kwa sikukuu ile hasa, saa 4 asubuhi ilikuwa saa mbaya kuliko zote. Watu waliisoma makala ile wakapanga kwa kuifuata, na wengine niliwaona kwa macho yangu.

Nieleze, maana wasomaji wako wengi wako mjini, na wengine wako Bara na ng'ambo. Menai ni ghuba pana, kusini-magharibi mwa Unguja, yenye maji machache sehemu nyingi. Hifadhi iliyotangazwa mwaka 1997 ina ukubwa wa kilomita za mraba 470 hivi, na ndani yake mna visiwa vya Kwale, Pungume, Miwi na vyengine, mafungu ya mchanga, mikoko, na viwanja vikubwa vya majani ya bahari. Maji yanajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, tunapata bamvua, na tofauti baina ya maji kujaa na maji kukupwa hufika mita 4 hivi. Wiki moja baadaye ni maji mafu, tofauti imeshuka mpaka mita 1 na kitu. Na bamvua ya kwetu ina saa zake, mwaka hata mwaka: maji yanajaa saa 10 au 11 alfajiri, yanakupwa saa 4 au 5 asubuhi, yanajaa tena saa 10 au 11 jioni. Siku za maji mafu, kujaa kunakuja kabla ya adhuhuri na kukupwa kunakuja jioni.

Sasa yaweke hayo pamoja na kalenda yetu ya sikukuu. Idd el-Fitr ni mwezi mosi. Basi iwe imeangukia msimu wa upepo wa kaskazi au wa kusi, masika au kiangazi, Idd el-Fitr siku zote inakuja na bamvua, na saa 4 au 5 asubuhi ya siku hiyo bahari imeukimbia ufukwe wa Fumba. Hata tukitofautiana siku moja kwa kuonekana kwa mwezi, hesabu haiharibiki. Idd el-Hajj ni mwezi kumi Mfunguo Tatu, na mwezi kumi ni maji mafu au ndiyo kwanza yanaanza kuchangamka. Mchana maji yamejaa, na mafungu mengi hayaonekani vizuri siku nzima. Nimelieleza jambo hili darasani mara nyingi, na kila mara nikiwaona wanafunzi wanashika vidole kuhesabu siku za mwezi nafsi yangu inafurahi. Sikukuu zetu mbili zina bahari mbili tofauti, na anayepanga safari ya familia lazima ajue anaikodi bahari ipi.

Kaka yangu anaishi Muscat tangu ujana wake. Sikukuu iliyopita alikuja na mkewe na watoto wao, na alikuja na nia moja: kumpeleka mama baharini. Marehemu baba yetu alikuwa mvuvi, aliijua Menai yote, na mama tangu afiwe hajapanda chombo. Umri umekwenda na magoti yanamsumbua. Kaka alisema kwenye simu, "Dada, nataka mama akae juu ya fungu la Pungume, aone alikokuwa akivua baba." Mimi nilifurahi kama yeye. Lakini aliponiambia kwamba ameshalipa arubuni kwa kijana mmoja wa mjini, kwamba ni boti moja kwa watu wote 22, na kwamba tunaondoka saa 4 asubuhi siku ya pili ya Idd, nilimuuliza maswali ambayo hakuyapenda.

Nilimuuliza mama atafikaje kwenye boti. Akasema boti inakuja ufukweni. Nikamwambia mwezi pili Mfunguo Mosi saa 4 asubuhi boti haiwezi kuja ufukweni. Itakaa mbali, na kati yake na sisi patakuwa na tope, mawe, majani na magamba ya chaza, mwendo wa hatua mia mbili au mia tatu. Kijana wa miaka 20 anakwenda akicheka. Mama hawezi, na kumbeba mtu mzima juu ya mawe yenye utelezi ni kumtafutia kuvunjika. Kaka akasema, basi tuondoke saa 8 mchana maji yakirudi. Saa 8 fungu linazama. Akanyamaza kidogo, akaniuliza sasa tufanye nini.

Nilikwenda Fumba kumuona nahodha mmoja mtu mzima, aliyewahi kuvua na baba. Yule kijana wa mjini swali lake la kwanza kwa kaka lilikuwa watu wangapi na chakula gani. Nahodha huyu aliniuliza, "Mwalimu, siku hiyo mwezi ngapi?" Nikamjibu. Akaniuliza mkubwa wetu ana umri gani na mdogo wetu ana umri gani, na kama yupo mjamzito. Akaniuliza nani kati yetu hajui kuogelea, nikamwambia ni rahisi zaidi nimtajie wanaojua. Kisha akasema, "Basi mtoke na maji na mrudi na maji. Saa 1 mko hapa, mmeshakula, mmeshamaliza haja zenu. Saa 9 na nusu nawarejesha." Bei aliitaja mwisho kabisa, na ilikuwa kubwa kuliko ya yule kijana kwa sababu alisema hatuchukui kwa chombo kimoja. Watu wengi vile wanataka mashua mbili ziende pamoja. Mashine ya moja ikifa, ya pili inaivuta. Arubuni ya kaka haikurudi. Nilimwambia ahesabu ni sadaka ya sikukuu.

Naomba wasomaji wako wazitazame saa hizo, maana ndizo ufunguo wa safari nzima siku za bamvua. Maji yamejaa saa 10 na nusu au 11 alfajiri. Saa 1 asubuhi yameshaanza kutoka lakini bado yamo ufukweni, kwa hiyo chombo kinasogea karibu. Mnatoka na maji, chombo kinasaidiwa. Mkifika, fungu linaanza kutokeza, na mnalo mpaka adhuhuri. Maji yanaporudi mnahama kwenda kisiwani, na jioni mnarudi nayo mpaka mchangani.

Siku yenyewe tulifika Fumba jua halijapanda. Vijana walimkalisha mama kwenye kiti cha plastiki, wawili wakakishika miguu na wawili mgongoni, wakaingia naye majini mpaka magotini, nahodha akiwa amegeuza omo ya mashua ielekee kwao na baharia ameshikilia nanga nyuma isisogee. Walikinyanyua kiti wote kwa pamoja mpaka usawa wa ukingo, mama akakaa juu ya ubao, akageuzwa miguu kwa ndani. Haikuchukua dakika tano. Hakulowa hata kanga. Kaka alisimama majini na suruali yake ya sikukuu imeloa mpaka mapajani, anafuta macho.

Kabla ya chombo kuondoka nahodha alifanya kazi nyengine ambayo nataka kila mzazi aijue. Alizimwaga jaketi za kuokolea maisha mchangani akazigawa kwa ukubwa, kisha akawaita watoto mmoja mmoja. Kila mtoto alivishwa, akafungwa vishikizo vyote pamoja na mkanda unaopita katikati ya miguu, halafu nahodha akalishika jaketi mabegani na kulivuta juu. Likipanda mpaka likafunika kidevu na masikio, alilivua na kutafuta dogo zaidi. Mtoto wa miaka mitano akivishwa jaketi la mtu mzima, akianguka majini jaketi linaelea juu na yeye anachopoka chini. Nimeona picha nyingi za familia zetu katika boti, watoto wamezama ndani ya jaketi za baba zao, na wazazi wanatabasamu wakidhani wametimiza wajibu.

Mjukuu wangu wa miezi saba hakupata jaketi linalomkaa. Nahodha alisema hamchukui. Binti yangu alilia, kaka akataka kumsihi, mimi nikasimama na nahodha. Binti yangu akabaki Fumba na mtoto kwa jamaa zetu. Safari ikaenda na watu 20, na lile lilikuwa gumu kwetu sote, lakini kama nahodha angekubali ningemshusha mjukuu wangu mimi mwenyewe.

Wakati tunangoja, wale watoto wa kaka waliozaliwa Muscat walinitaka niwahakikishie kwamba tutawaona pomboo. Niliwaambia pomboo wa Menai ni viumbe vya Mungu wana shughuli zao, wakituonea huruma watatokea. Upande wa Kizimkazi ndiko wanakozoeleka zaidi, na huko nako si adabu kuwakimbiza na boti kumi kwa mara moja, wala kuwarukia watoto wao majini. Walitokea kweli, wachache, mbali kidogo, migongo tu. Ilitosha.

Fungu lilikuwa limetokeza tulipofika, bado lina unyevu. Vijana walisimamisha turubai kwa miti minne, kwa sababu juu ya fungu hakuna kivuli hata cha kuwekea ndala. Tulikuwa na mikate ya kumimina, sambusa, kachori, samaki wa kukaanga, machungwa, na madumu mawili ya maji ya kunywa. Wifi yangu alitaka tuchukue sufuria la biriani. Nahodha akasema mafuta mengi na mawimbi havipatani, na chakula cha moto katika chombo kinachoyumba kinaunguza watoto. Biriani tulilila usiku nyumbani. Tangawizi mbichi tuliigawa asubuhi kwa waliokuwa wakihofia kulevywa na bahari, na hakuna aliyetapika, ila sitaki kusema ni tangawizi peke yake. Asubuhi ile bahari ilikuwa shwari, tanga mbili, kaskazi inaaga na kusi bado haijashika.

Kuna jambo ambalo matangazo ya boti hayalisemi, nalo ni choo. Fungu halina kichaka. Kwa wanaume ni rahisi, kwa mama mzee na kwa wasichana si rahisi. Kwa hilo peke yake ile mashua ya pili ilikuwa na thamani ya pesa zake: ilimchukua mama na wanawake wawili mpaka Kwale, ambako kuna mabanda na pahala pa kujisitiri, ikawarudisha. Ulizeni hili mnapokodi, na msione haya.

Adhuhuri tuliisali pale pale. Kibla chetu Unguja ni kaskazini, karibu sawasawa kabisa, na siku ile kaskazini yetu ilikuwa ni Fumba na nyumba zetu. Nahodha alisali nasi, alipotoa salamu hakukaa kuvuta uradi kama kawaida yake. Aliinuka akaenda kutazama kijiti alichokuwa amekichomeka ukingoni mwa mchanga. Maji yalikuwa yamekipita. Akasema, "Kusanyeni."

Tulipokuwa tunapakia ndipo ikaja familia nyengine, boti moja imejaa. Walikuwa wameteremka Fumba saa 4, wametembea juu ya mawe na mizigo na watoto, wamengoja, na mashine yao imegota mchangani njiani mara mbili. Bibi mmoja alikuwa na kidole cha mguu kimefungwa kitambaa chenye damu, gamba la chaza limemkata. Walishushwa juu ya fungu ambalo sasa lilikuwa limebaki kama mkeka, na boti yao ikaondoka kwenda kuchukua kundi lao la pili.

Nahodha wetu alisimama na kuitazama boti ile inavyokwenda. Hakusema neno la kumkashifu mtu. Alituambia tu kwamba hatuondoki. Alizileta mashua zake zote mbili karibu na fungu, akawaita akina mama wa familia ile na watoto wadogo wapande wakae kivulini, nasi tukabanana. Wanaume walibaki wamesimama, maji yanapita juu ya vifundo, wanacheka kwa wasiwasi. Boti yao ilirudi maji yakiwa yamefika magotini. Hakuna aliyedhurika, alhamdulillahi. Lakini fikiria, Mhariri, kama sisi tungekuwa tumeshakwenda Kwale, na mashine ya boti ile ikagoma huko njiani. Watu wale wangekuwa wamesimama katikati ya Menai, bamvua inaingia, na haina haja ya upepo wala wimbi kufanya msiba. Chombo kilichokushusheni juu ya fungu kisiondoke mpaka mmeshapanda tena. Hili liwe sharti la kwanza kwa kila anayekodi, kabla ya bei.

Unguja tumezika sana. Tarehe 10 Septemba 2011 ilizama MV Spice Islander I, na kabla mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, ikafuata MV Skagit karibu na Chumbe, ambako kutoka Fumba unakuona. Tangu hapo, tukipanda meli ya kwenda Pemba au Dar es Salaam, wengi wetu tunauliza jaketi ziko wapi, na tunatazama watu wamejaa kiasi gani. Tukikodi mashua kwa sikukuu hatuulizi kitu, kwa sababu tuko na ndugu, tumebeba sambusa, na nahodha ni mtoto wa jirani. Mamlaka ya Usafiri Baharini tunayo tangu 2009, kuna ukaguzi na kuna leseni, na leseni inataja idadi ya abiria. Kuomba kuiona si kumvunjia mtu heshima. Nahodha wetu alinionesha kabla sijamuomba.

Mliotoka ng'ambo nawaombeni kitu kimoja zaidi. Najua likizo za skuli za huko kwenu ni Julai na Agosti, na mnakuja na hamu. Miezi hiyo ni kusi. Menai iko wazi upande wa kusini, upepo unaingia moja kwa moja, na kila mchana unavyopanda ndivyo bahari inavyochafuka. MV Skagit ilizama Julai. Si kwamba hakuna siku nzuri ya kusi. Zipo, za asubuhi mapema, na Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa upepo na urefu wa mawimbi kila siku. Lakini ukipanga safari ya mama mzee na watoto wadogo mwezi wa Julai, panga pia siku ya pili na ya tatu za akiba, na kubaliana na nahodha tangu mwanzo kwamba yeye akisema leo hatutoki, hamtoki, na pesa zenu zinahamia siku nyengine. Ndugu wanaoruka keshokutwa ndio wanaomshinikiza nahodha kutoka. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, njoo Disemba mpaka Februari, au katika tanga mbili kama tulivyobahatika sisi.

Na Idd el-Hajj katika miaka hii inaangukia kusi hiyo hiyo, pamoja na maji mafu. Anayetaka fungu atakosa raha. Basi apange jengine: mchana maji yakiwa yamejaa, ile ghuba ndogo ya mikoko ya Kwale ndiyo nzuri ya kuogelea watoto, maji yametulia ndani yake na upepo umezuiwa na miti, siku za bamvua saa hizo hizo ni tope. Kwa wazee nako ndiko kwepesi zaidi kupanda na kushuka, kwa sababu saa 3 na nusu asubuhi maji yapo ufukweni na hayatoki kwa kasi. Kwa siku kama hiyo hata ile saa 4 ya makala yenu ingefaa kabisa.

Mama alirudi na maji ya jioni. Mashua ilisogea mpaka mchangani, akashuka kwa miguu yake, kaka mkono huu na mimi mkono ule, maji yakimfika kwenye vifundo. Siku ya pili aliniuliza kaka anakuja tena lini na mwezi ngapi.

Sasa ombi langu. Najua mtaniambia wavuvi na akina mama wa mwani na wa pweza hawahitaji gazeti kuwaambia maji, na ni kweli, wao ndio walionifundisha mimi. Wanaohitaji ni wasomaji wako wa Michenzani na Mwanakwerekwe, watoto wetu waliokulia maghorofani, ndugu zetu wa Muscat, Dubai na London wanaolisoma gazeti lako kwenye simu kabla hawajapanda ndege, na hata waandishi wako wenyewe. Nafasi ni ndogo: mwezi wa kiislamu na tarehe yake, maji kujaa mara mbili na kukupwa mara mbili, saa na kimo kwa mita. Iandikwe kwa saa zetu, kwamba maji kukupwa ni saa 4:40 asubuhi, mita kadhaa, ili bibi na mjukuu wasome sawa. Chini yake mstari mmoja wa upepo na mawimbi kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Nyakati za maji huhesabiwa kabla mwaka haujaanza, kwa hiyo hakuna habari ya kusubiri usiku wa manane. Mwandishi wako mmoja anaweza kuzipanga za mwezi mzima kwa siku moja.

Kama kila siku ni vigumu, anzeni na toleo la Ijumaa, kwa Jumamosi na Jumapili, na matoleo ya mkesha wa sikukuu zote mbili. Na mkirudia makala ya boti za kukodi, mwandishi aweke pembeni ya bei idadi ya abiria kwa mujibu wa leseni, aulize kama kuna jaketi za watoto, na asiandike saa ya kuondoka bila ya kutaja mwezi ngapi.

Wako msomaji,
Mwalimu mstaafu,
Bweleo, Unguja